Nyota Inayokwenda Kaskazini na Kusini

Somo la redio kwa watu wazima. Viongozi wa vikundi vya wasikilizaji: kabla ya somo wekeni tayari chungwa moja, kipande cha waya laini, na kalamu ya wino.

Juma lililopita tulizungumza juu ya mwezi na kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Leo twatazama juu tena, lakini si mbali kama mwezi.

Labda mmewahi kukaa barazani baada ya chakula cha jioni, mkaona nyota moja inatembea. Haiwaki na kuzimika kama taa ya ndege, wala haina sauti. Inatokea upande wa kaskazini, inapita kati ya nyota nyingine bila haraka, inaelekea kusini, na pengine hutoweka kabla haijafika chini. Kabla ya mwaka 1957 hapakuwa na mtu aliyeiona nyota ya namna hiyo, maana haikuwako. Hiyo si nyota. Ni setilaiti, yaani chombo kilichotengenezwa na watu na kurushwa juu kwa roketi, kikabaki huko kikiizunguka dunia.

Mtauliza: kama haina taa, mbona inang'aa? Watu wa Moshi watanisaidia kujibu. Jua likisha kutua na mji ukaanza kuwa na giza, kilele cha Kilimanjaro bado chang'aa kwa muda kidogo, kwa kuwa kiko juu na jua bado lakifikia. Setilaiti nayo iko juu zaidi ya mlima wo wote. Sisi tumo gizani, yenyewe imo katika jua. Ikiingia katika kivuli cha dunia, hutoweka.

Swali letu la leo ni hili. Chombo hicho kikisha kupita na kutoweka, mtu anajuaje kiko wapi? Na kujua huko kwamfaa nani? Msidhani ni jambo la wataalamu tu. Mwisho wa somo mtaona kwamba kwa sababu ya kujua mahali hasa ilipo setilaiti, watu waliopotea baharini na misituni wamepatikana wakiwa hai.

CHUNGWA NA WAYA

Viongozi, toeni chungwa. Lishikeni ili kikonyo kiwe juu. Kikonyo ndicho ncha ya kaskazini ya dunia, na chini yake ni ncha ya kusini. Katikati, kama mshipi kiunoni, ni ikweta. Tieni alama ya wino karibu na ikweta, chini yake kidogo. Hapo ndipo Dar es Salaam.

Sasa ukunjeni waya uwe pete kubwa kuliko chungwa, mkalizungushie chungwa pete hiyo, ipite karibu na kikonyo juu na karibu na ncha ya chini. Msiipitishe juu ya kikonyo kabisa. Iacheni kando kidogo. Pete hiyo ndiyo njia ya setilaiti inayopita karibu na ncha za dunia.

Mwenzako aishike pete isitikisike, nawe uligeuze chungwa polepole ndani yake. Ukilitazama kutoka juu, liende kinyume cha mikono ya saa, maana ndivyo dunia inavyozunguka, kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwaona nini? Pete imebaki pale pale, lakini kila sehemu ya chungwa inakuja kupita chini ya waya. Leo Dar es Salaam, kisha Kigoma, kisha Kongo, kisha bahari ya magharibi, mpaka dunia nzima imepita.

Hii ndiyo faida ya njia hiyo. Setilaiti yenyewe haina haja ya kugeuka huku na huku. Inakwenda kaskazini na kusini tu, na dunia inajileta yenyewe chini yake.

Linganisheni na njia nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Hiyo ilizunguka juu ya mkanda wa ikweta. Kwa kazi yake ya kuchunguza nyota njia hiyo ilifaa sana. Lakini mtu aliyekaa London hakuweza kuiona kamwe, kwa sababu haikufika huko. Setilaiti ya ncha kwa ncha humfikia kila mtu, wa Mombasa, wa London, na wa nchi ya barafu.

HESABU YA NJIA

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuchukue setilaiti iliyo juu kiasi cha kilomita 850. Hapo hapana budi iende karibu kilomita 7 na nusu kwa kila sekunde, la sivyo itaanguka. Kwa mwendo huo inamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 102 hivi, na kwa siku moja huzunguka mara 14 na kidogo.

Katika dakika hizo 102 dunia haikukaa bure. Dunia hugeuka nyuzi 360 kwa siku moja, yaani nyuzi 15 kwa saa. Kwa dakika 102 itakuwa imegeuka nyuzi 25 na nusu. Basi setilaiti ikipita sasa juu ya Dar es Salaam ikielekea kusini, safari yake ijayo ya kuelekea kusini haitapita juu ya Dar es Salaam tena. Itapita nyuzi 25 na nusu upande wa magharibi, na hapo ni karibu na pwani ya Angola. Sisi tumekwisha kusogezwa mashariki.

Tena, setilaiti haionekani kwa muda mrefu. Hata ikipita juu ya utosi wako, kutoka inapochomoza mpaka inapotua ni dakika 15 au 16 tu. Mtu aliye karibu na ikweta atapitiwa na setilaiti ya namna hii mara 4 au 5 tu kwa siku, usiku na mchana. Anayetaka kuifuatilia lazima ajue saa yake, kama abiria anayengoja gari la moshi. Ukichelewa, limekwenda.

HONI YA BASI

Lakini nani aliyetuandikia saa za gari hili? Hapa ndipo penye ufundi.

Simameni kando ya barabara kuu. Basi linakuja kwa kasi, na dereva amebana honi wala haiachii. Sikilizeni vizuri. Linapokuja, sauti ya honi ni nyembamba. Linapopita mbele yako, sauti inashuka mara moja, inakuwa nene. Dereva hakubadili honi. Kilichobadilika ni mwendo: basi linapokuja, mawimbi ya sauti husukumana na kukaribiana, linapokwenda, mawimbi huachana. Mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, alieleza jambo hili mwaka 1842. Mwaka 1845 lilijaribiwa Uholanzi kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta juu ya gari la moshi, na wanamuziki wengine wakasimama kando ya reli kusikiliza.

Sasa angalieni mambo mawili katika honi ile. La kwanza: wakati sauti inaposhuka ndio wakati basi lilipokuwa karibu nawe kuliko wakati wote. La pili: kama umesimama ukingoni mwa barabara, sauti hushuka ghafula, kama umesimama mbali shambani, hushuka taratibu. Basi hata ukiwa umefumba macho, kwa kusikia tu waweza kujua ni saa ngapi basi limepita, na barabara iko mbali nawe kiasi gani.

Mawimbi ya redio nayo hufanya vivyo hivyo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Ilikuwa ikitoa mlio mfupi mfupi kwa redio. Huko Maryland, Marekani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliunasa mlio huo. Wakaona kwamba mtetemo wake unashuka kila setilaiti inapopita, kama honi ya basi. Wakaupima kwa uangalifu, wakaufanyia hesabu, na kutoka mahali pamoja tu, bila ya kuiona setilaiti kwa macho, wakaijua njia yake yote.

SWALI LAGEUZWA

Mwaka 1958 mkubwa wao, Frank McClure, aliwauliza jambo moja. Ninyi mnajua mahali mlipo, nanyi mmetafuta mahali ilipo setilaiti. Je, tukiijua njia ya setilaiti, mtu asiyejua mahali alipo hawezi kujitafuta mwenyewe?

Angalieni lilivyo jepesi swali hilo, na jinsi lilivyo kubwa. Ikiwa barabara yajulikana na saa ya basi yajulikana, basi aliyefumba macho kando ya barabara aweza kujua amesimama wapi. Kwa fikira hiyo Marekani ilitengeneza setilaiti zilizoitwa Transit. Majaribio yalianza mwaka 1959 na 1960, na zile za kazi ziliwekwa katika njia ya ncha kwa ncha, juu kiasi cha kilomita 1,100. Meli na manowari zilizisikiliza ili zijue mahali zilipo baharini, mpaka mwisho wa mwaka 1996.

WALIOPOTEA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu.

Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ndogo iliruka kutoka Anchorage kwenda Juneau, huko Alaska. Ndani yake walikuwamo wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, pamoja na watu wengine wawili. Haikufika. Ilitafutwa kwa siku 39, kwa ndege nyingi na watu wengi, na mpaka leo haijapatikana. Ikiwa wabunge wa nchi tajiri waweza kupotea hivyo, je, mvuvi aliyekatikiwa na tanga kati ya Mafia na bahari kuu atatafutwa wapi?

Zilikuwako redio za dharura ambazo hulia zenyewe ndege ikianguka. Lakini ilitegemea bahati: lazima ndege nyingine ipite karibu ikiwa imefungua redio yake. Msituni waweza kulia siku nyingi bila ya kusikiwa.

Ndipo wataalamu walipofikiri: mbona tusiweke sikio katika setilaiti? Setilaiti ya ncha kwa ncha hupita juu ya kila bahari na kila msitu. Mwaka 1979 nchi nne, yaani Marekani, Canada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, zilipatana kufanya kazi hii pamoja. Nyakati zile Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Hata hivyo walikubaliana kwamba aliyepotea asitafutwe kwa kuulizwa taifa lake. Mpango huo waitwa Cospas-Sarsat.

Setilaiti ya kwanza, Cosmos 1383 ya Umoja wa Kisovieti, ilirushwa tarehe 30 Juni 1982. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule ndege ndogo ilianguka katika milima ya British Columbia, Canada, ikiwa na watu watatu. Redio yao ya dharura ikalia. Cosmos 1383 ikapita, ikaisikia, na kituo cha Canada kikafanya hesabu ya mtetemo kama tulivyoeleza. Waokozi wakaenda mahali palipotajwa, wakawakuta wote watatu wako hai. Chombo cha Kisovieti kiliokoa watu nchini Canada. Tangu siku hiyo watu zaidi ya 50,000 wameokolewa kwa msaada wa mpango huo.

MAHALI PAWILI

Msikilizaji hodari atanizuia hapa aseme: Mwalimu, ukifumba macho waweza kujua barabara iko umbali gani, lakini hujui kama iko mbele yako au nyuma yako. Umesema kweli. Setilaiti nayo hupata majibu mawili: redio iko upande wa mashariki wa njia yake, au upande wa magharibi, kwa umbali ule ule.

Dunia yenyewe ndiyo inayotoa jibu. Mtu aliye karibu na ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, ingawa yeye hajitambui. Kama setilaiti iko mashariki yake, anasogezwa kuifuata. Kama iko magharibi yake, anasogezwa kuikimbia. Tofauti hiyo ndogo husikika katika mtetemo, na wenye kupiga hesabu hulikataa jibu moja na kulishika la pili. Wakiwa na shaka, hungoja setilaiti ipite tena. Safari ya pili huwa na barabara nyingine, na mahali penye jibu moja katika safari zote mbili ndipo penye mtu.

Redio za dharura za siku hizi hulia kwa mitetemo milioni 406 kwa sekunde. Hutoa mlio wa nusu sekunde tu kila baada ya sekunde 50 hivi. Setilaiti ya kilomita 850 inapochomoza na kuelekea juu ya mtu, mtetemo husikika umezidi kwa karibu 9,000, na inapotua umepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Ni kidogo sana katika milioni 406, lakini vipimo vyatosha kumtambua mtu alipo, kwa kukosea kiasi cha kilomita 5 tu. Tena kila redio ina namba yake, na namba hiyo hutaja mwenyewe ni nani.

KWA NINI SETILAITI YENYEWE IFUATILIWE

Sasa mmefahamu kwa nini tulisema kwamba kuijua setilaiti ilipo ni jambo la uhai. Kivuli chake juu ya ardhi chaenda zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde. Anayekosea sekunde 1 katika saa ya kupita kwake, atamtafuta mgonjwa kilomita 6 mbali naye. Katika msitu mnene huo ni mwendo wa siku nzima, na huenda ile siku moja ndiyo iliyobaki.

Tena njia ya setilaiti haikai vile vile. Dunia si duara kamili, imenenepa kiunoni. Kipenyo chake kwenye ikweta chazidi kile cha ncha kwa ncha kwa kilomita 43 hivi, na unene huo huivuta njia na kuigeuza kidogo kidogo kila siku. Hata hewa bado iko huko juu, nyepesi mno, nayo huizuia setilaiti kama maji yanavyozuia mtumbwi. Jua likichafuka, hewa ya juu hufura, na kizuizi chaongezeka. Kwa hiyo hesabu ya juma lililopita haifai kutumiwa mwezi ujao. Lazima ipimwe tena na tena.

Ndiyo maana viko vituo vinavyosikiliza setilaiti daima. Mahali pazuri mno ni karibu na ncha. Katika visiwa vya Svalbard vya Norway, kwenye nyuzi 78 kaskazini, kiko kituo kinachoiona setilaiti ya ncha kwa ncha katika mizunguko yake yote 14 ya siku. Rudieni chungwa lenu: kila mara waya wapita karibu na kikonyo, hata mkiligeuza chungwa namna gani.

Kwa muda mrefu masikio hayo yalichukuliwa pia na setilaiti za Marekani za hali ya hewa ziitwazo NOAA. Tatu za mwisho za aina ile ya zamani, namba 15, 18 na 19, zilizimwa mwaka 2025 baada ya kazi ya miaka mingi. Sasa masikio yamewekwa pia katika setilaiti za kuongoza vyombo, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, ambazo nyingi huonekana kwa pamoja, hata mtu asingoje. Lakini ule ufundi wa kupima mtetemo wa honi ndio uliofungua mlango.

Neno moja kwa wenye mashua na ndege. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena redio za zamani za megahezi 121.5. Mwenye redio ya namna hiyo asiitegemee kuitwa kutoka juu. Anunue ya megahezi 406, aiandikishe namba yake kwa wakuu wanaohusika, na asiichezee, maana anayeiwasha kwa mzaha huwatoa waokozi kwa mwingine aliye katika hatari ya kweli.

KAZI YA NYUMBANI

Usiku wa leo, kama hakuna mawingu, tokeni nje kati ya saa moja na saa mbili. Lazeni mkeka, lala chali, mkae kimya nusu saa mpaka macho yazoee giza. Mkiiona nyota inayotembea kaskazini na kusini bila kuwaka na kuzimika, andikeni mambo matatu: saa na dakika, ilitoka upande gani ikaenda upande gani, na imepita karibu na nyota zipi, mathalani Kilimia au Msalaba wa Kusini. Kazi ya namna hii si ya kitoto. Wakati Sputnik iliporushwa, vikundi vya watu wa kujitolea vilikwisha pangwa katika nchi mbalimbali kutazama hivyo hivyo, na maandishi yao yaliwasaidia wataalamu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini setilaiti iliyopita juu ya Dar es Salaam haipiti juu ya Dar es Salaam katika mzunguko unaofuata?
2. Mtu amesikia mtetemo unashuka ghafula, mwingine umeshuka taratibu. Nani yuko karibu na njia ya setilaiti?
3. Kwa nini kituo cha Svalbard chaiona setilaiti ya ncha kwa ncha mara nyingi kuliko kituo kilicho kwenye ikweta?
4. Kama kijijini kwenu mashua haikurudi leo, mngeanza kumwarifu nani, na mngeweza kumwambia nini juu ya mahali pa kutafuta?

Swali la nne msilipite upesi. Lizungumzeni mpaka mpatane, na mliandike jibu mahali ambapo kila mtu ataliona. Chungwa mwaweza kulila. Kwa herini, mpaka juma lijalo.